UZI: Umeomba uhadhiri ukakataliwa au ukanyamaziwa? Tafuta kwanza umekwama mlango gani

Mlango_wa_Pili · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni wa wote wenye shahada ya uzamifu, au walio karibu kuipata, wanaotuma maombi ya uhadhiri Nairobi na viunga vyake na kurudishiwa barua ya "tunasikitika kukujulisha", au kutorudishiwa chochote.

Neno langu ni moja. Kukataliwa huuma zaidi pale usipojua umekataliwa wapi. Akili haipendi pengo, hivyo hulijaza kwa kukulaumu wewe mzima: akili yako, tasnifu yako, miaka yako yote. Lakini ombi lina milango minne, na kila mlango una sababu zake na dawa yake.

Mlango wa kwanza ni karani. Hasomi tasnifu yako. Ana jedwali kwenye kompyuta: majina yenu yameshuka upande wa kushoto, mahitaji ya tangazo yametandazwa juu. Nakala ya kitambulisho, ndiyo. Vyeti vilivyothibitishwa, ndiyo. Cheti cha ushuru, hapana. Anaweka alama nyekundu, anasonga kwa jina linalofuata. Kazi ya dakika chache.

Mlango wa pili ni idara, inayolinganisha shahada na machapisho yako na vigezo. Wa tatu ni jopo la mahojiano. Wa nne ni baraza la chuo na mfuko wake wa pesa, na hapo mtu hushindwa bila kosa lolote.

Kabla ya kusema "mimi sifai", jiulize umefika mlango wa ngapi. Asiyeitwa kabisa kwa mahojiano ana tatizo la mlango wa kwanza au wa pili. Aliyeitwa mara nne na kukosa zote nne hana tatizo la vyeti, na asipoteze usiku kuandika upya wasifukazi wake.

---

DawatiLaAjira · Jumapili, saa 2:47 usiku

Asante kwa kufungua. Niongezee mlango wa kwanza, kwa sababu ndio unaorudisha watu wazuri kwa mambo madogo.

Vyuo vya umma huomba vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu. Ni vitano: cheti cha kutii ushuru cha KRA (mamlaka ya ushuru), cheti cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), fomu ya kujitangaza ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), na cheti cha ofisi ya kumbukumbu za mikopo, CRB. Matangazo mengine huvitaka wakati wa kuomba, mengine siku ya mahojiano. Soma tangazo mara mbili.

Penye mtego zaidi ni KRA. Mtu anamaliza masomo, hana mshahara, anadhani hadaiwi chochote. Maadamu ana namba ya PIN ya mlipaushuru yenye wajibu wa kodi ya mapato, anatakiwa kuwasilisha ripoti hata ya sifuri ifikapo Juni 30 kila mwaka. Akisahau, faini ya chini ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka aliosahau, na iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, haumpi cheti mpaka asafishe. Ukigundua hilo siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, umechelewa. Cheti chenyewe hudumu mwaka 1, kwa hiyo chukua Julai, mara tu ukishawasilisha ripoti.

HELB: kama bado unalipa, usikate tamaa. Kuna cheti cha aliyemaliza na kuna cheti cha anayeendelea kulipa. Cha pili kinakubalika.

Mwenendo mwema: unaomba na kulipia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha alama za vidole huchukuliwa makao makuu ya DCI, Kiambu Road, au kituo cha Huduma. Usiombe wiki ileile ya tangazo. Ombi huweza kukwama kwa sababu tu alama za vidole hazikusomeka, ukaambiwa urudi.

Waliosoma nje: shahada ya kigeni inahitaji kutambuliwa na kulinganishwa hapa nchini. Anza mchakato huo siku unayotua, usisubiri tangazo.

---

TasnifuMpya · Jumapili, saa 3:05 usiku

Swali, waalimu wangu. Na wale wasiojibu kabisa? Kimya kinasomwaje?

---

Mlango_wa_Pili · Jumapili, saa 3:20 usiku

Ndugu, tangazo lenyewe kwa kawaida husema ni waliopita mchujo pekee watakaojulishwa. Kwa hiyo kimya ni jibu, ila ni jibu lisilo na tarehe, na ndiyo sababu linachosha kuliko barua ya "hapana".

Lipe tarehe wewe mwenyewe. Siku unapotuma ombi, andika kwenye kalenda siku ya 90 baada ya tarehe ya mwisho. Kabla ya hapo usiulize. Siku hiyo tuma baruapepe ya mistari minne: jina, nambari ya kumbukumbu ya nafasi, tarehe uliyotuma, na swali moja tu: mchujo umekamilika? Ukikosa jibu kwa siku 14, funga faili. Wakikupigia baadaye, vizuri. Lakini katika hesabu zako za kodi ya nyumba na karo, ombi hilo halipo tena.

---

Pointi_na_Majarida · Jumapili, saa 3:58 usiku

Mlango wa pili, kwa undani, maana hapa ndipo watu husema wameonewa na kumbe hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Vyuo vingi hufuata mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, wa mwaka 2014. Mhadhiri anatakiwa kuwa na uzamifu. Aliye na uzamili na amesajiliwa kwa uzamifu huanzia ngazi ya chini yake. Tangazo la mhadhiri mwandamizi kwa kawaida huitisha miaka 3 ya kufundisha ukiwa mhadhiri, pointi 32 za machapisho ambazo angalau 24 ziwe za majarida yenye wahakiki, na wanafunzi 3 wa uzamili au uzamifu uliowasimamia hadi wakahitimu.

Tazama maneno "ukiwa mhadhiri". Makala uliyochapisha ukiwa bado mwanafunzi ni yako na ni fahari yako, lakini kwenye hesabu ya mwandamizi haiingii. Mtu ana makala kumi, anaomba uandamizi moja kwa moja kutoka kwenye tasnifu, anakosa, anavunjika moyo. Hakukataliwa kwa sababu ya makala hayo. Aliomba ngazi isiyokuwa yake bado.

Makosa mengine ninayoona kwenye maombi:

Machapisho yameorodheshwa bila nambari za toleo wala kurasa, na idara haina muda wa kuyatafuta. Weka jedwali lako mwenyewe lenye makala, jarida, mwaka, nafasi yako kati ya waandishi, pointi unazodai, na kiungo kinachofunguka. Kama mliandika watu wanne, soma kwanza jinsi mwongozo unavyogawa pointi kwa waandishi wenza. Usijipe zote.

Majarida ya kitapeli. Jarida linalokubali makala ndani ya siku tatu, bila maoni ya mhakiki hata mmoja, na kudai ada, litakushusha hata kama makala yenyewe ni safi. Profesa aliye kwenye jopo analijua jina hilo.

Shahada zisizolandana. Shahada ya kwanza katika elimu, uzamili katika maendeleo, uzamifu katika afya ya jamii. Tangazo likisema shahada "katika fani husika", idara huweza kukutoa hapo. Dawa ni aya moja kwenye barua ya maombi, yenye majina ya kozi tatu za idara hiyo unazoweza kufundisha na kazi gani uliyofanya inakupa haki hiyo. Usiwaachie wao kuunganisha nyuzi.

---

Dada_wa_Kabete · Jumapili, saa 4:15 usiku

Na warejelewa jamani, wale wanaokuandikia barua za kukupendekeza! Vyuo vingi hutaka barua zao ziende moja kwa moja kwa Naibu Makamu wa Chansela anayesimamia utawala. Mwombaji ametuma kila kitu, lakini barua moja haijafika, na hakuna atakayemwambia.

Mpe mrejelewa wako tangazo lenyewe, nambari ya kumbukumbu, anwani kamili, tarehe ya mwisho na wasifukazi wako mpya, wiki 2 kabla. Mkumbushe zikibaki siku 7, tena zikibaki 2. Muombe kwa heshima akujulishe akishatuma. Na akikuletea rasimu uipitie, tafuta jina la chuo. Barua yenye jina la chuo kingine ni jambo la kawaida kuliko mnavyodhani.

---

Wakili_Upperhill · Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Nimeusoma uzi wote. Kuna chombo ambacho waombaji wa kazi za umma hawakitumii.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na chuo kikuu cha umma kimo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kuliwasilisha hakulipiwi. Taasisi ina siku 21 kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Afisa wa habari kisheria ni mkuu wa taasisi, yaani Makamu wa Chansela, hata kama amemkabidhi mtu mwingine kazi hiyo.

Andika hivi:

*Kwa Makamu wa Chansela, Chuo Kikuu cha ____. KUH: Ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016. Mimi ____, raia wa Kenya mwenye kitambulisho nambari ____, niliomba nafasi ya Mhadhiri, kumbukumbu nambari ____, iliyofungwa tarehe ____. Naomba kupewa vigezo vilivyotumika katika mchujo, alama nilizopata katika kila kigezo, na alama ya chini iliyohitajika ili kuitwa kwa mahojiano. Siombi habari za mwombaji mwingine. Naomba jibu kwa baruapepe niliyotumia.*

Ile sentensi ya kabla ya mwisho ni muhimu. Sheria inalinda faragha ya watu wengine, na ukiomba "orodha ya wote na alama zao" unawapa sababu ya kukunyima vyote.

Wakikataa, unaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, wengi tunaiita Ombudsman. Una siku 30 kufanya hivyo.

Chuo cha kibinafsi ni habari nyingine, njia hii ni finyu huko. Andika tu barua ya adabu kuomba maoni.

---

TasnifuMpya · Jumatatu, saa 1:52 asubuhi

Shukrani, wakili. Lakini hilo halitanichafulia jina? Nairobi ni ndogo. Mkuu wa idara hapa ni mtahini wa nje kule.

---

Wakili_Upperhill · Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Hofu yako ina msingi, sitaipuuza. Ndiyo maana barua ile haina lawama hata moja, inauliza alama zako tu. Usiitume kila mara. Itume pale ulipotimiza vigezo vyote kwenye karatasi na bado hukuitwa, au ulipokosa chuo hichohicho mara ya pili kwa nafasi ileile. Na usiitume wiki ya kwanza, ukiwa bado na uchungu. Wino wa hasira husomeka.

---

DawatiLaAjira · Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Naunga mkono. Na mlango wa nne usisahaulike. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hakiruhusu taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kuna pia kanuni ya jinsia na nafasi za watu wenye ulemavu. Baraza hutazama haya yote, hutazama na bajeti ya mishahara, na wakati mwingine nafasi iliyotangazwa hubaki wazi bila mtu kuajiriwa. Mtu anaweza kuwa wa kwanza kwa alama na asipate barua. Inauma, lakini haisemi lolote juu ya uwezo wake wa kufundisha.

---

Nasaha_Kasarani · Jumatatu, saa 7:20 mchana

Nimefurahi uzi umeanza na utaratibu, kwa sababu utaratibu wenyewe hutuliza. Acha niseme kuhusu siku zenyewe baada ya habari mbaya.

Saa 48 za kwanza: usijibu baruapepe hiyo, usiandike chochote mtandaoni kuhusu chuo hicho, usifanye uamuzi wa kuacha taaluma. Mwambie mtu mmoja tu unayemwamini. Kula na lala kwa saa zako za kawaida, hata kama usingizi ni wa vipande. Mwili ukianza kukosa ratiba, mawazo nayo hufuata.

Siku ya 3: fungua daftari la maombi, ujaze mstari mmoja. Chuo, nafasi, tarehe, mlango uliofikia, sababu unayoijua, jambo moja la kubadilisha. Kama sababu huijui, andika "haijulikani", na usiibuni. Watu wengi huandika "sina kipaji" mahali ambapo palipaswa kuandikwa "haijulikani".

Kisha kuna jamaa. Nyumbani ukishapata uzamifu unaitwa Daktari hata kabla ya mahafali, na kila harambee inakutazama wewe. Swali la "Daktari, bado?" linachoma kuliko barua ya chuo. Andaa jibu moja na ulirudie neno kwa neno: "Shangazi, maombi yapo, yakijibiwa nitakupigia mwenyewe." Sema, kisha muulize habari za mifugo. Usianze kueleza mchujo na pointi, maana kila maelezo huzaa swali jingine.

Huzuni ya wiki moja ni ya kawaida. Ikipita wiki 2, tumia kipimo cha maswali 9 kinachoitwa PHQ-9. Kipo kwa Kiswahili. Kila swali ni 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10 au zaidi, nenda ukamwone mshauri au daktari. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru. Ukijibu lolote juu ya sifuri kwenye hilo, usingoje jumla. Piga 1199, laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu, bila malipo, au nenda hospitali iliyo karibu leo hiihii.

---

Pointi_na_Majarida · Jumatatu, saa 8:02 mchana

Kuhusu hilo daftari: mwaka 2010 Melanie Stefan aliandika katika jarida la Nature akiwahimiza watafiti waweke wasifu wa walivyoshindwa. Mwaka 2016 Johannes Haushofer, wakati huo profesa Princeton, akaweka wake hadharani: kazi alizokosa, fedha za utafiti alizonyimwa, makala yaliyokataliwa. Huyo ndiye mwanzilishi wa kituo cha utafiti cha Busara, hapahapa Nairobi. Lakini tuwe wakweli, aliuweka hadharani akiwa tayari ana kiti. Wewe ambaye bado unatafuta, weka wako kabatini. Faida yake unaipata hata asipousoma mtu.

---

Mlango_wa_Pili · Jumatatu, saa 12:35 jioni

Mlango wa tatu haujaguswa. Kwa ufupi, kwa wale wanaoitwa na kukosa:

Somo la majaribio mara nyingi ni dakika 15 hivi. Kosa kubwa ni kuleta slaidi 30 za tasnifu. Jopo linataka kuona unavyomfundisha mwanafunzi wa mwaka wa pili dhana moja. Chukua slaidi 6, mfano 1 wa hapa nchini, swali 1 kwa "darasa". Beba kalamu ya ubao, maana projekta hukataa kuwaka.

Swali la "utaleta fedha gani za utafiti?" halijibiwi kwa "nitatafuta wafadhili". Taja mfuko, kama vile Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, NRF, taja unachoombea na kiasi gani.

Beba vyeti halisi, sio nakala tu. Mtu hurudishwa langoni kwa hilo.

Ukitoka, kaa kwenye benchi lolote uandike maswali yote uliyoulizwa kabla hujapanda matatu. Ukifika nyumbani utakuwa umesahau nusu, na yale uliyoyajibu vibaya ndiyo utakayokumbuka tu.

---

Dada_wa_Kabete · Jumatatu, saa 1:10 usiku

Na vibarua vya kufundisha kwa muda, wanaovishika wakisubiri kuajiriwa? Msimamo wangu ni huu: vina faida kama vina karatasi. Kila muhula dai barua ya uteuzi yenye jina la kozi na idadi ya saa, na mwishoni barua ya idara inayothibitisha ulifundisha. Bila hizo, miaka mitano ya kufundisha ni hadithi tu mbele ya karani. Na weka kikomo cha kozi. Kozi tano katika vyuo vitatu, kati ya mjini, Juja na Karen, zinakula saa zote za kuandika, na makala ndiyo yanayokupeleka mlango wa pili. Malipo nayo huchelewa, kwa hiyo usiyapangie kodi ya mwezi huu.

Taasisi za utafiti pia zipo hapa: ILRI (mifugo) iko Kabete, icipe (wadudu) Kasarani, World Agroforestry (kilimo-misitu) Gigiri, kuna KEMRI (tiba), KALRO (kilimo na mifugo), APHRC (idadi ya watu na afya) na KIPPRA (sera za umma). Ila usiwatumie wasifukazi wa kurasa 14 wa chuo. Punguza hadi 2 au 3: mbinu unazozijua, data ulizoshika, ripoti ulizomaliza kwa wakati. Orodha ya kozi ulizofundisha iwe mstari mmoja.

---

TasnifuMpya · Jumatatu, saa 2:25 usiku

Mwisho kabisa: gharama. Vyuo vinavyotaka nakala 10 za karatasi vinanimaliza.

---

DawatiLaAjira · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Piga hesabu kabla ya kuomba. Ombi la kurasa 60 mara 10 ni kurasa 600. Kwa shilingi 3 ukurasa ni 1,800, bado uthibitisho wa wakili na nauli ya kupeleka. Kwa hiyo panga maombi kwa mafungu: yale unayotimiza vigezo vyote, tuma yote. Yale unayokosa kigezo kimoja, tuma ikiwa yanapokewa kwa baruapepe. Unayokosa viwili au zaidi, acha, hata kama mjomba anasema ujaribu bahati.

Weka faili moja la PDF lililopangwa kwa mpangilio wa tangazo, na jina la faili liwe jina lako na nambari ya kumbukumbu. Nakala za karatasi zichapishwe pande mbili kama tangazo halijakataza, hapo karatasi zinabaki 300. Na ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala ya barua yako ya maombi, wakugongee mhuri wa kupokea wenye tarehe. Huo mhuri ndio utakaouambatisha kwenye ile barua ya kuomba habari aliyotupa wakili hapo juu, siku ukiihitaji.